Mwili Darasani, Moyo Mikoroshoni: Mwongozo wa Kumrudisha Mwanafunzi Aliyekata Tamaa, Hatua kwa Hatua

Huku kwetu kusini mwa Tanzania, ukiingia kidato cha pili saa nne asubuhi mwezi wa kumi, daftari la mahudhurio litakuambia darasa lina wanafunzi 52. Macho yatakuonyesha 30 na kitu. Korosho zinadondoka, na mtoto akiokota kilo chache alfajiri anaweza kuzisukumia kwa mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua kwa magendo nje ya mnada, kabla jua halijakaza. Jioni ana hela mfukoni. Mwalimu wa hesabu, kwa upande wake, anamwahidi faida ya baada ya miaka saba.

Hao 30 waliopo nao usiwahesabu haraka. Wapo walioegemea ukutani, daftari limefunguliwa ukurasa ule ule wa juzi. Nawaita watoro wa ndani. Mtoro wa nje anaandikiwa barua, anatafutwa, anatangazwa mstarini. Mtoro wa ndani hasumbui mtu, ndiyo maana hupotea kabisa bila yeyote kushtuka, mpaka majibu ya upimaji wa kidato cha pili yatoke.

Nimefundisha shule za kata za mikoa ya Mtwara na Lindi kwa muda wa kutosha kukosea karibu kila kitu nitakachokueleza hapa. Kosa langu kubwa lilikuwa kuamini mkutano. Nikiona utoro umezidi, namwomba mkuu wa shule aitishe wazazi. Wazazi wanakuja, mtendaji wa kata anafoka, mgeni rasmi anasema elimu ni ufunguo wa maisha, watu wanapiga makofi, wanaondoka. Jumatatu viti ni vitupu vile vile. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kijiji kizima hakimsaidii mtoto. Anayemsaidia ni mtu mmoja mwenye jina, aliyepewa kazi moja anayoiweza. Mwongozo huu unahusu kumpata mtu huyo na kumpa kazi hiyo.

Hatua ya kwanza: soma daftari la mahudhurio kama daktari anavyosoma cheti

Kabla hujamwita mwanafunzi yeyote, kaa na daftari la mahudhurio la wiki nane zilizopita. Chukua daftari lako la kurasa 96, chora safu za siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, kisha weka alama kila mtoto alipokosa. Usiangalie jumla peke yake, angalia mpangilio.

Anayekosa kila siku ya gulio anauza kitu, au anabaki na wadogo zake mama akienda kuuza. Anayekosa Jumatatu na kuja Jumanne huenda Jumapili analala shambani au ufukweni na wavuvi. Anayefika kila siku lakini haonekani baada ya saa sita ana njaa, au kuna kipindi anachokikimbia. Binti anayekosa siku tatu nne kila mwezi, kwa zamu ile ile, huhitaji kumuuliza mbele ya watu. Mwalimu wa kike amwite pembeni, na shule iangalie kama choo chao kina mlango, maji na mahali pa kutupa pedi.

Kwa watoro wa ndani, daftari la mahudhurio halitakusaidia. Kusanya madaftari ya somo moja na uangalie tarehe ya mwisho aliyoandika kitu chenye maana. Tarehe hiyo ndiyo siku aliyoondoka. Mara nyingi utaikuta katikati ya mwezi wa tatu wa kidato cha kwanza, wiki chache baada ya kozi ya awali ya Kiingereza kuisha na masomo yenyewe kuanza.

Kutoka kwenye orodha ndefu, chagua majina kumi tu. Najua utakuwa na arobaini. Chagua kumi, ukianza na walioanza kuteleza karibuni, maana hao hurudi upesi na wakirudi wengine wanaona. Mtoro sugu wa mwaka mzima usimwache, lakini usimfanye wa kwanza.

Hatua ya pili: zungumza naye mahali pasipo na fimbo

Ofisi ya walimu haifai. Kuna fimbo juu ya kabati, kuna walimu watatu wanaosahihisha huku wamesimamisha masikio, na kuna yule mmoja asiyeweza kupitwa bila kutia neno: "Huyu? Huyu ni wa kuchunga mbuzi." Toka naye. Mwombe akusaidie kubeba madaftari mpaka nyumbani kwako, au mkae chini ya mwembe mkitazama uwanjani. Watoto wengi, hasa wavulana, husema ukweli mkiwa mnatembea bega kwa bega kuliko mkitazamana uso kwa uso.

Usimuulize "kwa nini hupendi shule?" Atajibu "sijui mwalimu", na kwa kweli hajui. Muulize mambo yanayoshikika. Jana ulipotoka hapa ulifanya nini mpaka ukalala? Leo umekula nini, saa ngapi? Nani nyumbani anajua uko kidato gani? Kipindi gani ukisikia kengele yake moyo unashuka? Kuna mtu mzima yeyote hapa kijijini ukiwa na shida unamwendea?

Swali la mwisho ndilo la thamani kuliko yote. Liandike jibu lake palepale. Akisema "mjomba anayechomelea pale stendi", basi umeshampata mtu wa hatua ya nne kabla hata hujaanza kutafuta.

Tuambiane ukweli kuhusu viboko. Kanuni zetu zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Tunajua kinachotendeka mstarini saa moja na nusu. Mtoto aliyekosa siku nne akijua anarudi kula fimbo, siku ya tano harudi. Kwa hao majina kumi, kubaliana na mkuu wa shule na walimu wa zamu kwamba kwa wiki sita fimbo haiwahusu katika suala la mahudhurio. Usipopata makubaliano hayo, kazi yote inayofuata ni kutwanga maji kwenye kinu.

Hatua ya tatu: tenganisha sababu, kwa maana kila moja ina dawa yake

Nyingine ni rahisi kuzitambua: umbali, njaa, kazi, sare iliyochanika, ugomvi nyumbani. Inayotupiga chenga ni fedheha ya kutokuelewa, na hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki chache za kujiandaa, kisha biolojia, jiografia, hesabu, kila kitu kinakuja kwa Kiingereza. Aliyekuwa akinyoosha mkono darasa la saba ananyamaza. Akijaribu, akikosea neno moja, wenzake wanacheka. Miezi mitatu ya kuchekwa inatosha kumfundisha kwamba usalama uko kwenye kimya. Hapo walimu tunaandika "mvivu" kwenye ripoti.

Kwa hiyo pima. Kwenye karatasi moja andika aya fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la tatu, na nyingine ya Kiingereza chepesi cha darasa la tano. Mwite mmoja mmoja, asome kwa sauti, kisha akueleze kwa Kiswahili amesoma nini. Dakika tano kwa mtoto. Utapata mafungu matatu: wanaosoma zote mbili na kuelewa, wanaosoma Kiswahili vizuri lakini Kiingereza wanatamka tu bila maana, na wachache ambao hata aya ya Kiswahili inawashinda. Fungu la tatu litakushtua. Wamefikaje kidato cha pili? Usipoteze muda kumlaumu mwalimu wa shule ya msingi, naye alikuwa na darasa la watoto mia.

Fungu la pili linahitaji maneno. Maneno kumi kwa siku ya somo analolijua maishani, yaandikwe upande huu kwa Kiingereza na upande ule kwa Kiswahili, na aruhusiwe kukueleza dhana kwa Kiswahili kwanza. Fungu la tatu linahitaji kufundishwa kusoma upya, faraghani, bila kuitwa jina lolote.

Hapo ndipo kijiji kinapoingia, kwa sababu mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki hana saa hizo.

Hatua ya nne: tafuta mtu, halafu mpe kazi ndogo inayojulikana

Andika sababu upande wa kushoto wa ukurasa na majina upande wa kulia. Nakupa watu ambao kila kata inao na shule huwasahau.

Wa kwanza ni vijana waliomaliza kidato cha nne. Wanafanya mtihani mwezi wa kumi na moja, na wale wa kwenda kidato cha tano hawaripoti shule mpaka mwezi wa saba. Miezi saba wanazurura. Mmoja wao, jioni tatu kwa wiki, dakika 40, watoto wanne, maneno kumi. Wamepita njia ile ile juzi, bado wanakumbuka wapi palipouma. Katibu wa bodi ya shule akiwaandikia barua ya shukrani yenye mhuri, wataitunza kama cheti.

Kisha kuna mama lishe na wenye vibanda vya barabarani. Hawa wanaona nani kapita na nani kageuka njiani. Mama mmoja wa chapati jirani na shule niliyofundisha alikuwa akijua orodha ya watoro kuliko kiranja mkuu. Kazi yake ikawa moja tu: akimwona fulani amekaa kijiweni saa mbili, amwite kwa jina na amwambie "mwanangu, mwalimu wako anakusubiri". Hakumfukuza wala hakumsema.

Mafundi nao wapo: wa pikipiki, wa kuchomelea, wa cherehani. Mtoto anayekacha vipindi kwenda gereji anataka kujifunza, ila amechagua mwalimu mwingine. Mwendee huyo fundi. Usimwambie amfukuze. Mwambie: "Fundi, nimekuja kwako kwa heshima. Kijana huyu anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Naomba umpokee Jumamosi na siku za kazi baada ya saa tisa, na kila akija umuulize amejifunza nini leo. Wiki sita tu." Sijapata fundi aliyekataa ombi lililopangwa hivyo. Lakini waliokataa "kushirikiana na shule katika maendeleo ya elimu" ni wengi, maana maneno hayo hayamwambii mtu afanye nini Alhamisi.

Imamu, padri, mchungaji na mwalimu wa madrasa wana sauti, nawe waombe jambo dogo. Mwalimu wa madrasa anaweza kusogeza darasa lake lisigongane na masomo ya jioni. Mwenyekiti wa kitongoji anajua nani amehamia shambani na familia yake msimu huu. Mabaharia na wenye mitumbwi wanaweza kukubaliana kutomchukua mwenye umri wa shule siku za masomo, mradi wakubaliane wote, kwa sababu mmoja akikataa peke yake mtoto anahamia chombo cha jirani.

Makungwi na ngariba usiwaruke kwa sababu ya haya. Jando na unyago ni mambo mazito huku, na shule inayoyadharau hujitafutia ukuta. Ninachoomba ni tarehe: mambo yafanyike likizo ya mwezi wa sita au wa kumi na mbili, na yakiisha mwali arudi darasani shule ikifunguliwa. Kungwi mwenye busara atafika mbali zaidi. Atamwambia binti, kwa maneno ambayo mwalimu wa kiume hathubutu kuyatamka, kwamba kuchezwa unyago hakujamfanya kuwa mke wa mtu.

Na mtani! Kama baba wa mtoto ni mkaidi, tafuta mtani wake. Mtani atasema kwa kicheko jambo ambalo likitoka kwa mwalimu linakuwa kesi kwa mtendaji. "Wewe unaogopa mwanao akijua hesabu atagundua unavyomdanganya mama yake kwenye pesa za korosho." Watu wanaangua kicheko, baba naye anacheka, na ujumbe umefika.

Usisahau wazee waliosomba mchanga na kufyatua tofali wakati shule za kata zinajengwa katikati ya miaka ya 2000. Wanaiona shule kama jasho lao. Mzee wa namna hiyo akija mara moja kwa mwezi kukaa nyuma ya darasa na bakora yake, bila kusema neno, watoto wananyooka. Walimu pia.

Hatua ya tano: nenda nyumbani, nenda na habari njema

Mtakwenda wawili, wewe na mtu ambaye familia inamheshimu. Ziara ya kwanza usiende na mgambo. Ukifika na mgambo, hata kama unaleta msaada, utakuwa umeleta polisi.

Huku watoto wengi wanaishi na bibi, wazazi wako Dar es Salaam au wameachana. Bibi akikuona mwalimu ndani ya ua wake, moyo unamruka.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Eh, mwalimu! Amefanya nini tena huyu?"

"Shikamoo bibi. Hajafanya kitu. Nimekuja na daftari lake nikuonyeshe."

Hilo "tena" linakueleza historia yote. Kila mara shule ilipobisha hodi ilileta shitaka. Kwa hiyo beba kitu kizuri: mchoro wa moyo alioutia rangi, zoezi alilopata saba kwa kumi, hata insha yenye sentensi moja iliyokusisimua. Kama hukukuta kitu chochote, hujatafuta vya kutosha, ahirisha ziara.

Kaa pale utakapoonyeshwa, kwenye mkeka au kigoda. Kunywa utakachopewa. Sikiliza zaidi ya unavyosema. Utagundua kwamba taa ni moja na inakaa jikoni, kwamba kijana ndiye anayechota maji kilomita mbili, kwamba kuna mdogo wake mlemavu asiyeweza kuachwa peke yake. Ukishasikia, omba jambo moja. Moja tu. "Bibi, naomba jioni baada ya kula akae nusu saa na daftari, na wewe ukae naye."

"Mimi sijui kusoma, mwalimu."

"Huhitaji. Tazama ukurasa umeandikwa au haujaandikwa. Tazama alama yangu nyekundu ipo au haipo. Kisha mwambie akusomee kwa sauti alichoandika."

Nimewaona mabibi wasiojua herufi wakilisimamia daftari kuliko baba mwenye shahada. Muombe pia akutumie ujumbe kupitia jirani mwenye simu mtoto akishindwa kuja. Taarifa ya "leo hayuko, anaumwa tumbo" ina uzito wake: familia imeanza kuona kwamba shule inangoja jibu.

Sheria na mtendaji viweke akiba. Vipo, na mzazi anayemzuia mtoto kusoma kwa makusudi anaweza kufikishwa huko. Lakini mzazi aliyelipishwa faini humleta mtoto kwa wiki mbili, na chuki hubaki kwa miaka.

Hatua ya sita: siku ya kurudi na wiki sita zinazofuata

Siku anayorudi, walimu wajue mapema. Pasiwe na mwalimu wa kumkaribisha kwa "leo tuna mgeni rasmi". Najua utani huo, nimewahi kuutoa mwenyewe. Yule mtoto hakurudi tena, na nilikuja kumkuta miaka kadhaa baadaye akiendesha bodaboda. Alinipakia, akakataa nauli yangu. Ningefurahi zaidi kama angeipokea.

Mketishe safu ya pili, karibu na mwenzake mmoja uliyemwandaa, anayeandika vizuri na asiye na mdomo. Usimdai madaftari ya miezi mitatu. Mpe mada mbili tu za kila somo, zile ambazo bila hizo mbele hapapitiki, na mengine aendelee na wenzake. Mpe kazi inayoonekana: kutunza funguo za stoo ya jembe, kuandika matokeo ya mechi ubaoni, kupima mvua. Mtu mwenye jukumu hutafutwa asipokuwepo.

Kila Ijumaa, dakika kumi na tano, kaa naye na daftari lako. Siku ngapi umekuja? Maneno mangapi umepata? Wiki ijayo kikwazo kitakuwa nini? Akisema "wiki ijayo tunaokota korosho", usimkemee. Zungumza na familia aokote alfajiri na jioni, na Jumamosi nzima. Mtoto wa mkulima atafanya kazi ya shamba, na kujifanya hilo halipo ni kujidanganya. Mpaka unaoweza kuulinda ni saa za masomo, na hasa zile wiki za upimaji wa kidato cha pili, ambao kwa bahati mbaya huangukia ndani ya msimu wenyewe.

Darasani nako, kipindi kimoja kwa wiki kifanye kitoke kwenye maisha yao. Chukua karatasi ya malipo ya chama cha msingi cha ushirika, ambako wakulima huuzia korosho zao, ufute jina, uiandike ubaoni. Kilo 412, bei ya mnada shilingi 2,850, makato shilingi 180 kwa kilo. Mkulima apokee kiasi gani benki? Darasa lililolala litaamka. Malipo ghafi ni 1,174,200, makato 74,160, anabaki na 1,100,040. Kisha waulize: aliyeuza kwa kangomba kilo zile zile kwa shilingi 1,500 amepoteza kiasi gani? Kutakuwa na kimya cha aina nyingine, kwa sababu wengine ndio waliouza. Mwite katibu wa chama cha msingi aje aeleze kila kato linakwenda wapi. Wanafunzi watamhoji kuliko wajumbe wa mkutano mkuu wanavyomhoji.

Chakula, ambacho hakina mjadala

Unaweza kufuata yote niliyosema, na mtoto aliyetembea kilomita saba bila kunywa hata uji akalala kipindi cha tano. Piga hesabu mbele ya wazazi, kwa kilo na debe, usizungumze kwa "michango". Gramu 150 za mahindi na 50 za maharage au kunde kwa siku, kwa siku 194 za masomo, ni kilo 29 za mahindi na karibu kilo 10 za maharage kwa mwaka. Debe moja na nusu la mahindi na ziada kidogo. Ukisema hivyo, mzazi anaona kitu anachokijua. Ukisema "shilingi elfu 40", anaona ukuta.

Pokea nafaka mara baada ya mavuno, mwezi wa sita na wa saba, wakati ghala limejaa. Fedha ya mpishi, chumvi na kuni iombwe malipo ya korosho yanapotoka. Tumekuwa tukifanya kinyume, tunadai hela mwezi wa pili, watu wana njaa, halafu tunasema jamii haina mwamko. Wazazi wenyewe wachague kamati, wao washike ufunguo wa stoo, na kila mwezi wabandike ukutani kilichoingia na kilichotoka. Mtoto ambaye nyumbani wameshindwa asirudishwe wala asitengwe foleni. Utaratibu wa elimu bila malipo haukuruhusu umfukuze kwa sababu hiyo, na hata ungekuruhusu, huyo ndiye uliyempikia.

Mahali ambapo msaada wa jamii unaweza kugeuka sumu

Siri za watoto ni za watoto. Mama wa chapati ajue jina, asijue kwamba baba analewa uraka, pombe ya mabibo, na kupiga. Vikao vya walezi visisome hadithi ya mtu.

Mwanamume asiwe mlezi wa binti peke yake, awe nani. Mikutano iwe mahali peupe, mchana. Lifti za bodaboda kwa mabinti nazitilia mashaka hata pale zinapotolewa kwa wema, na kama umbali ni tatizo, afadhali watembee kikundi wakiwa na mzazi mmoja wa zamu, au kata ifikirie bweni. Kumpa mimba mwanafunzi kifungo chake ni miaka 30, na bado familia hukaa kitako wakamalizana kwa mbuzi na fedha. Usiwe shahidi wa kikao hicho. Peleka habari dawati la jinsia na watoto polisi, kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Binti aliyejifungua ana haki ya kurudi shule ya kawaida tangu mwishoni mwa mwaka 2021, na wazazi wengi vijijini bado hawajui. Nenda ukawaambie. Nenda na kungwi wake.

Pale wiki sita zinapoisha

Kati ya kumi, tarajia sita au saba kushikilia, ukiwa umefanya kazi vizuri. Nasema hivyo kwa uzoefu wa madarasa yangu, kwako inaweza kuwa pungufu. Waliokwama usiwaandike "walioshindikana". Wengine wamevuka umri, wana mtoto, au kweli mikono yao inataka ufundi. Kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na vituo vyake, ambako mtu anaweza kusoma kwa njia mbadala, akafanya mtihani wa maarifa kisha wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, na huku kwetu vipo Masasi, Newala na Mtawanya, vinavyofundisha ufundi. Kuna VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali. Kwa mdogo aliyekosa shule ya msingi, uliza MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Msindikize siku ya kwanza, au mtume yule fundi amsindikize. Karatasi yenye anwani haimfikishi mtu.

Walioshikilia, wabadilishe kuwa wasaidizi. Aliyerudi ndiye atakayejua kwanza kwamba mwenzake ameanza kukaa ukutani.

Na daftari lako la kurasa 96 lisiondoke nawe ukipata uhamisho. Ndani ya jalada andika majina ya watu wazima uliowapata na njia ya kufika kwao, kwa alama zao: mwembe wa pili baada ya ghala la chama, nyumba yenye bati la bluu, uliza kwa bibi anayeuza kunde. Nilipohama shule yangu ya mwisho, mwalimu aliyenirithi alinipigia simu wiki ya pili kuuliza mtaala umefikia wapi. Nikamwambia afungue jalada la nyuma, aanze na bibi wa kunde.

Alinipigia tena jioni. Bibi alikuwa amemuuliza mbona daftari la mjukuu wake halina alama nyekundu tangu Jumatano.